Kidole cha Mama Odette Juu ya Jiwe Lako

Papa Ilunga,

Nianze na habari ambayo ingekufanya uweke kikombe chini: mwezi uliopita watu walicheka makaburini. Hawakutabasamu kwa adabu. Walicheka, mpaka mchungaji akafunga Biblia yake akasubiri tumalize. Na aliyesababisha ni mke wako, Mama Odette. Kaa vizuri huko uliko nikusimulie, na unisamehe nikichanganya mambo, maana ulizoea kuniambia kwamba hadithi zangu zinaanzia mkiani.

Studio ipo. Mlango bado hautaki kusukumwa, unataka unyanyuliwe kidogo ndipo ufunguke, na fundi aliyekuja kuurekebisha nilimpa chai nikamrudisha kwake. Lifti ya jengo, ambayo tangu nifike hapa Berea, Johannesburg, sikuwahi kuiona ikipanda wala kushuka, sasa inafanya kazi, na wapangaji wanalalamika kwamba hawaonani tena kwenye ngazi. Pazia lako la nyuma, lile lililochorwa ngazi za kifahari na vyungu vya maua, limechanika kona ya chini. Nilianza kulishona, nikakusikia masikioni, nikafumua. Majuzi bibi harusi mmoja Mrundi alisimama pale pale penye tundu, akasema shangazi yake alipigwa picha mbele ya pazia hili kabla halijachanika, na yeye anataka ionekane kwamba ni lile lile. Nikampiga. Picha hiyo iko dirishani sasa, na wapita njia wanasimama kuitazama.

Kiti chako ndicho ninachokalia. Wiki za kwanza baada ya kukuzika sikuweza. Nilikuwa nikifika asubuhi, nafungua, nakitazama, halafu nakaa juu ya ndoo. Siku moja mteja, mlinzi kutoka Uvira aliyetaka picha za karatasi zake za kibali, akakivuta akaketi, kikatoa ule mlio wake, nami nikakimbilia chumba cha nyuma nikalia. Nilipotoka nikamwambia ahamie kwenye ndoo. Tangu siku hiyo kiti ni changu.

Nimekukumbuka sana, Papa. Nalisema hili mapema ili lisije likaniharibia sehemu za kuchekesha.

Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kupiga picha vitu vikuukuu, huwa nawaambia: kwa mabakuli tuliyoyaharibu. Hawaelewi, na mimi siwaelezi. Lakini wewe unakumbuka sifa ya studio yetu wakati ule ilikuwa nini. Ilikuwa kusafisha. Mtu aliweza kupita studio zote kuanzia Mayfair, akaja mpaka kwetu, kwa sababu kwa Papa Ilunga unaingia na uso wako wa leo na unatoka na uso wa siku ya harusi. Chunusi tunafuta, kovu tunafuta, macho mekundu ya mlinzi wa zamu tunayafanya meupe kama maziwa. Nilipokuuliza kama huo si uongo, ulikasirika. "Huyu mutu amechoka mwaka muzima," ulisema. "Umupatie siku moja ya kupumzika." Nikajifunza kufuta, na baadaye nikakushinda, kwa sababu kabla ya kamera mimi nilikuwa msusi. Miaka niliyokaa kwenye kona ya barabara nikisuka vichwa vya watu ilinifanya mtu wa mistari iliyonyooka. Kitu kikipinda mbele yangu, mkono unaniwasha.

Ndipo akaja Bi Haruko, yule mama Mjapani, mfinyanzi, mwenye kiduka Kensington. Alikuja na kikapu cha mabakuli ya chai, kila moja limefungwa kitambaa, akataka picha za kuwaonyesha wateja wake. Tuliwasha taa zote. Tukapiga. Halafu tukafanya kazi yetu kwa moyo wote: nyufa tukafuta, madoa ya chai tukafuta, ile rangi iliyochuruzika upande mmoja ikaganda kama uji tukaifuta, na bakuli moja lililopinda mdomo mimi mwenyewe nililinyoosha kwenye kompyuta mpaka likawa duara safi. Tulimsubiri kama watoto wanaongoja kusifiwa. Bi Haruko akazitazama picha moja moja, hana haraka, akainamisha kichwa kushukuru, kisha akauliza kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Nzuri sana. Mabakuli yangu yako wapi?"

Mtu mwingine angegomba. Yeye alikaa kwenye kiti chako, akatoa lile bakuli lililopinda, akanipa nilishike kwa mikono miwili. Pale palipopinda ndipo kidole gumba changu kilipopata pa kukaa, kikakaa chenyewe. Akatueleza kwamba kwao, tangu zamani sana, wapo watu wanaotafuta uzuri pale pale sisi tulipokuwa tunafuta. Kitu kilichotumika, kilichopauka, kilichopasuka kikaendelea kufanya kazi. Kitu ambacho hakikukamilika na wala hakina haja ya kukamilika. Wanauita wabi-sabi. Wewe uliporudia neno hilo lilitoka kama jina la mshambuliaji wa timu ya Bujumbura, naye akacheka akiziba mdomo.

Akauliza kama na sisi tuna neno la namna hiyo. Ulinigeukia, maana ulikuwa ukisema sisi watu wa Kigoma tuna methali hata ya kufungia viatu. Nikasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamfafanulia kwamba mbacha ni mkeka mkuukuu wa kuswalia, na kwamba mkeka mzuri wa mtu anayepita utakwenda naye, lakini ule wako wa zamani utabaki na wewe. Akaomba auone. Kesho yake nikauleta wangu, ule wa marehemu bibi yangu niliokuja nao kutoka nyumbani, nikiona haya kwa jinsi ulivyolika. Hukuwasha taa hata moja. Uliutandika karibu na dirisha, ukangoja jua la alasiri liingie kwa ubavu, na kwenye ukindu yakatokea mabonde mawili ya magoti, na mbele yake mahali palipong'aa, paji la uso lilipogusa miaka yote. Nilikuwa nimeswali juu ya mkeka ule tangu nikiwa msichana na sikuwahi kumwona bibi yangu pale. Siku ile nilimwona.

Baada ya hapo hukushikika. Asubuhi bado tulisafisha nyuso, maana tumbo halina likizo, lakini alasiri tulitoka na kamera. Tulipiga ngazi za chuma za kukimbia moto zilivyoliwa na kutu. Tulipiga kizingiti cha kanisa lenu kilichochimbika katikati kwa viatu vya Jumapili. Tulipiga cherehani ya Mama Odette, ambayo maua yake ya dhahabu yamefutika pale tu mkono wake wa kushoto unapolala, kwingine kote yapo. Umeme ukikatika mtaa mzima ulilalamika, wewe ulikuwa unasugua mikono na kusogea dirishani. Ulinifundisha nisiweke kitu katikati ya picha, niache nafasi, kwa sababu kitu kizee kinataka kupumua. Nami nikinyoosha mkono kukiweka sawa au kukipangusa vumbi, ulinipiga kofi jepesi la vidoleni: "Uache vile, Zuhura. Haiko mubaya. Iko muzee tu."

Unakumbuka sufuria ya jirani yetu wa ghorofa ya tatu? Sufuria nyeusi, imebonyea tumbo, mpini mmoja. Ulikuwa umeitamani kama mtu anavyotamani gari. Tukamwomba tuje kuipiga picha kesho yake, akakubali kwa furaha, na tulipofika tulimkuta amekaa mlangoni ameikumbatia inang'aa kama kioo. Alikuwa ameisugua kwa steelwool kutwa nzima, na masizi ya miaka yote yamekwenda na maji. Uso wako siku ile ndio ungestahili kupigwa picha. Hukumvunja moyo, ulimpiga picha na sufuria yake akiwa amevaa gauni la kanisani. Tulipokuwa tunashuka ngazi ulisema, "Mutu akisikia picha, anaoga," tukacheka mpaka tukakaa kwenye ngazi. Kwa taarifa yako, masizi yamerudi. Nimeipiga.

Sasa nije kwenye jiwe.

Desturi ya hapa unaijua: kaburi likishatulia, familia inaweka jiwe, inalifunika blanketi, kisha ndugu na marafiki wanakusanyika siku moja kulifunua. Mama Odette alisema umekaa nchi hii muda wa kutosha kupewa heshima ya hapa. Juu ya jiwe panabandikwa kigae chenye picha ya marehemu, imechomwa humo kwa moto, mvua haiiondoi. Ukishaiweka umeiweka. Akaniambia: "Zuhura, wewe ndiyo mupiga picha. Utafute picha ya Papa." Nilidhani ni kazi ya kunywea chai moja.

Papa, nilipekua kompyuta yako yote. Nusu ya Wakongo wa Johannesburg wamo humo, na mabibi harusi, na watoto wa ubatizo, na kutu yote ya Berea. Wewe tu ndiye hukuwemo. Siku zote ulikuwa nyuma ya kamera. Zilikuwepo chache ulizojipiga mwenyewe, na suti ya kijivu, mbele ya ngazi za kifahari, na nilipozikuza niliangua kicheko peke yangu. Kovu la nyusi hakuna. Pengo la jino hakuna. Mvi hakuna hata unywele mmoja. Mikunjo ya kando ya macho, ambayo ningeweza kuichora nikiwa nimefumba yangu, imepigwa pasi. Mtu aliyenipiga vidole kwa kupangusa vumbi alikuwa amejipangusa mwenyewe mpaka akawa kijana wa tangazo la mafuta ya nywele. Mganga hajigangi.

Kicheko kilipoisha, nikaogopa. Kama hizo ndizo picha zilizopo, basi pale juu ya jiwe atakaa mtu ambaye mimi simjui, na wajukuu wako watakaozaliwa watakua wakimjua huyo. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kukupoteza kipande kipande. Siku hiyo hiyo nilijaribu kukumbuka kovu lako lilikuwa nyusi ya kulia au ya kushoto, nikashindwa. Wewe uliyenifundisha kutazama. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, watu wakapita juu yangu wakidhani naumwa.

Binti yako Nadine aliitaka ile ya suti. Unamjua, Kiswahili anakisikia chote lakini jibu linatoka kwa Kiingereza. Alisema Papa mwenyewe ndiye aliyejichagulia sura ile, sasa sisi ni nani wa kumzeesha akiwa hayupo kujitetea? Nikamjibu kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Akaniuliza mkakasi ni nini, nikaanza kumweleza habari za kisanduku cha kutilia vipodozi, na ugomvi ukapotea njia. Lakini neno lake lilinichoma kwa sababu lilikuwa na haki ndani yake. Kama ulitaka kukumbukwa laini, nani alinipa ruhusa ya kukurudishia makovu?

Mama Odette alikuwa anashona muda wote huo, hakuinua kichwa. Kisha akasimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono. "Zile picha alikuwa anatengenezaka ju ya mama yake," akasema. Kumbe kila Krismasi ulimtumia mama yako picha moja kule Kalemie, ili asione Johannesburg inakufanya nini. Ulitaka alale akijua kwamba mwanawe bado ni yule yule aliyemsindikiza. Mimi niliyekaa nawe meza moja miaka yote sikulijua hili. Hukuwa unajivuna, Papa. Ilikuwa ni ile ile siku moja ya kupumzika, ila safari hii ulikuwa unampa mama yako.

"Mama yake haiko tena," Mama Odette akasema, akikanyaga cherehani. "Sasa anaweza kuzeeka."

Nadine alilia. Na mimi nililia, na tuliposhikana mikono hatukuwa na ugomvi tena.

Halafu mama akafuta mikono kwenye kitenge, akatoa simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka toka pembe hadi pembe. Akasema anayo moja, lakini si ya kuonyesha watu. Akatuonyesha.

Ni Jumapili, mezani kwenu. Umevaa fulana ya ndani iliyotoboka bega. Una sombe, kisamvu chenu, kidevuni. Unacheka kwa sababu yeye haoni pa kubonyeza, mdomo wazi, pengo lote nje, na kovu (la kushoto, Papa, nyusi ya kushoto) limepanda juu pamoja na nyusi. Picha imepinda. Ina ukungu, mkono ulitikisika. Na kona ya chini, karibu robo yake, imezibwa na kidole gumba cha Mama Odette, kikubwa, cha kahawia, kama kilima mbele ya dirisha.

Na mimi, mwanafunzi wako, unajua nilisema nini? Nilisema haifai. Nilisema ukungu kama ule hata ofisi ya vibali hawaupokei, mtu atarudishwa foleni. Nikaomba nikaitengeneze kidogo. Nikaenda nayo studio, nikaketi kwenye kiti chako, mkono ukiniwasha kama kawaida yake. Nikainyoosha. Nikainoa ili ukungu utoke. Kisha nikakata kidole, nikarudi nyuma kutazama, na wewe ukawa unamchekea mtu ambaye hayupo. Kicheko kilikuwa kile kile, meno yale yale, lakini hakikuwa na pa kwenda. Nikakirudisha kidole, kicheko kikarudi kwa mwenyewe.

Nikakumbuka lile bakuli, na mahali kidole changu kilipopata pa kukaa. Nikatoa mkono kwenye kompyuta, nikajiambia kwa sauti, kwa lafudhi yako kabisa: Uache vile, Zuhura. Nikapindisha picha kama ilivyokuwa.

Nilipomchapia Mama Odette aione kwenye karatasi, aliikagua akakunja uso. "Na ule mustari?" Alikuwa amezoea ufa wa kioo cha simu ukipita juu ya paji lako la uso. Nikamweleza kwamba mstari ulikuwa wa simu, haukuwa wako. Akasema haidhuru, lakini niliona amepungukiwa. Ningeweza kukuchorea ufa kwa ajili yake, na nakiri wazo lilinijia.

Nikaipeleka kwenye yadi ya mawe. Mwenye yadi ni bwana mmoja Mzulu, mpole, amezoea kuzungumza na watu wenye msiba. Baada ya siku chache akanitumia mfano kwenye simu niukubali kabla hajachoma kigae. Papa, ungemwona. Kidole hakuna. Sombe hakuna. Pengo limezibwa kwa jino zuri kuliko yote uliyowahi kuwa nayo. Umevalishwa koti na tai, na nyuma yako kuna mawingu ya buluu. Alifanya yote hayo bure, kwa huruma, baada ya saa za kazi. Nilitazama ile picha nikatuona sisi wawili, mimi na wewe, tumesimama mbele ya Bi Haruko na vifua mbele.

Basi nikaenda mwenyewe, nikamshukuru kwa moyo, maana alistahili, kisha nikamwambia: "Nzuri sana. Papa wangu yuko wapi?" Akakuna kichwa. "Eish, dada," akasema, "watu wakiona kidole watasema mimi ndiye niliyeharibu kazi." Nikamwambia atakayesema aelekezwe kwangu. Tulibishana, akanipa kiti, akaniletea chai, mwishowe akaniuliza kidole ni cha nani. Nilipomwambia, akasema basi sharp, sawa, atakichoma vizuri, na hata doa la sombe hataligusa.

Siku yenyewe ilikuwa na jua la baridi, lile linalokuja kwa ubavu. Kwaya yenu ilikuja, na mafundi cherehani wenzake Mama Odette, na wasusi wenzangu wa zamani, na Bi Haruko katika koti lake la kijivu lenye kiraka kiwikoni. Nilivaa ushungi mweusi nikasimama na familia, kwa sababu Mama Odette alinivuta mkono akaniweka hapo. Mchungaji akaomba. Nadine na mama yake wakashika blanketi kila mmoja upande wake, wakalivuta.

Nilisikia ndege. Niliona watu wanainama, wanapanguza miwani, wanatazamana. Nikawaza kwamba nimekuaibisha mbele ya kanisa zima na picha haitoki tena, imechomwa. Ndipo yule shemasi rafiki yako, asiyejua kunong'ona, akauliza kwa sauti yake yote: "Sasa kile kidole ni ya nani?"

Mama Odette akainua mkono, kidole gumba juu, kile chenye kucha iliyogawanywa na sindano ya cherehani, kama mtoto anayejibu darasani.

Aliyeanza kucheka ni shemasi mwenyewe. Kicheko kikaenda kwa kwaya, kikaenda kwa mafundi, na mwenye yadi ya mawe, aliyekuwa amejificha nyuma akisubiri lawama, alicheka kuliko wote. Watu wakaanza kusema, ndiye huyu, ndivyo alivyokuwa, mwangalie na sombe lake. Mwingine akakumbuka ulivyomchekesha kwenye picha ya kibali mpaka ikabidi ipigwe upya. Nadine akasogea akaweka kidole gumba chake juu ya kile cha kwenye jiwe akapima, akamwambia mama yake, kwa Kiswahili, Papa, kwa Kiswahili: "Mama, chako kikubwa." Na wewe pale juu unacheka nao, mdomo wazi, kwa mtu yule yule.

Bi Haruko alingoja watu wapungue. Akasimama mbele yako muda mrefu, mikono imekutana. Aliniambia picha haina kosa, ila jiwe bado ni changa mno, linahitaji mvua. Kisha akampa Mama Odette zawadi iliyofungwa kitambaa, na ilikuwa ni lile bakuli lililopinda. Mama Odette alishukuru sana. Sasa anawekea humo pini za kushonea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na sasa nikushtakie jambo moja. Kila Jumapili, ibada ikiisha, mke wako anapanda teksi anakuja kwako, analowesha kidole kile kile kwa mate, kama akina mama wafanyavyo kwa uso wa mtoto anayekwenda shule, anakupangusa vumbi. Nilimwambia aache vile, nikamweleza habari zote za mvua na miaka. Akaniambia nimwache na mume wake.

Nimemwacha. Kwa sababu nimekumbuka cherehani, na mahali ambapo maua ya dhahabu yamefutika, na mkeka wa bibi yangu. Kigae kimechomwa moto, lakini kidole kikipita pale pale Jumapili kwa Jumapili, siku moja kitaacha njia yake. Ahadi yangu kwako ni hii: kila mwaka baridi inapokwisha nitakuja na kamera, sitawasha taa, nitangoja jua la ubavuni, na nitapiga mahali anapokushika. Sitafuta kitu. Mkono ukiniwasha nitaukalia.

Lala, Papa. Zeeka taratibu, hatuna haraka.

Binti yako wa Kigoma,
Zuhura